Zambarau na asali: mvinyo mkavu kwa soko la Bagamoyo

Mnywaji aliyezoea mvinyo mwekundu wa Dodoma havutwi na wanzuki. Wanzuki ni tamu, huchacha kwa siku chache na huuzwa ikiwa bado inachemka. Yeye anatafuta rangi, uchachu na ule ukakasi unaokamata ulimi. Asali peke yake haina vitu hivyo vya kutosha. Zambarau za pwani zinavyo vyote vitatu.

Hesabu ni hii. Lita 100 za mvinyo wenye kilevi cha asilimia 12 hivi huhitaji kilo 25 za asali, kwani karibu asilimia 80 ya asali ni sukari. Ongeza kilo 20 hadi 30 za zambarau zilizopondwa bila kuvunja kokwa. Maganda yakae humo wiki moja, yakikorogwa kila siku, kisha yachujwe.

Kazi ngumu ni kusubiri. Mvinyo huitwa mkavu hamira ikishamaliza sukari. Ukifungwa kabla ya hapo, chupa zaweza kupasuka. Ukakasi nao hulainika kwa miezi, na mtaji hulala muda wote huo.

Asali ikipanda shilingi 1,000 kwa kilo, gharama ya chupa ya mililita 750 hupanda kama shilingi 190. Kwa hiyo mtengenezaji anunue asali wakati wa mavuno, apate leseni na alama ya TBS, ndipo abishe hodi kwenye hoteli za ufukweni. Anayetaka fedha ya wiki hii abaki na wanzuki.