Binti Anayeitumikia Jamii Naye Alipwe

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne na cha sita yanapotoka, nyumba nyingi za Kiislamu huingia katika kipindi cha kungoja. Mvulana hupata pa kwenda: gereji, duka la mjomba, bodaboda ya kukodi. Binti hubaki nyumbani, na iwapo ana elimu na adabu, hazipiti wiki mbili kabla hajaombwa kusaidia. Asaidie kufundisha watoto madrasa, asaidie kuandika majina ya wajane watakaogawiwa futari, asaidie kupanga mafaili katika zahanati ya jumuiya. Husaidia mwaka mmoja, hata miwili. Hakuna anayemlipa wala anayemfundisha, na siku akiolewa nafasi yake huchukuliwa na mwingine wa kusaidia.

Tunaiita hali hii kujitolea, nasi hatubezi thawabu zake. Lakini kujitolea kuna gharama, na anayeibeba ni mzazi. Nauli ya daladala, mlo wa mchana, vocha ya kuwapigia wazazi wa wanafunzi, vyote hutoka mfukoni mwa baba au mama. Kwa hiyo anayeweza kujitolea kwa muda mrefu ni binti wa nyumba yenye nafasi. Binti wa muuza mihogo, hata akiwa na kipaji kuwashinda wenzake, baada ya mwezi hurejea kumsaidia mama yake sokoni. Bila kukusudia, tunawachagua viongozi wetu wa kesho kwa kuangalia uwezo wa wazazi wao.

Ndiyo maana tunauunga mkono utarajali wa kulipwa, yaani mafunzo ya kazi ya muda maalumu ambamo kijana huingia katika taasisi ya jamii, akapewa msimamizi na majukumu yanayojulikana, na akalipwa posho. Katika historia yetu jambo hili si geni. Mtume wetu (s.a.w.), kabla ya utume, alisafiri kwenda Sham na mali ya Bi Khadija (r.a.) kwa malipo, na Maysara, mtumishi wa Bi Khadija, akafuatana naye na kurejea na habari za uaminifu wake. Kijana alikabidhiwa dhamana, akalipwa, na mwenendo wake ukaangaliwa.

Wengi wakisikia neno uongozi hufikiria jukwaa na kipaza sauti. Uongozi huanzia chini zaidi. Mwaka 1955, TANU ilipohitaji mwanamke wa kuongoza tawi lake la wanawake, ilimpata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba hapo Dar es Salaam. Vikundi vya akina mama vya wakati ule vilikuwa na viongozi wao, michango yao na utaratibu wao wa kuitana. Bibi Titi aliviendea, na kabla mwaka haujaisha maelfu ya wanawake walikuwa wamejiunga. Walikuwa wamekwisha kujifunza kuongozana. Vikoba vya leo vingeweza kuifanya kazi hiyo, ila ni vya mama zao: binti asiye na kipato hana cha kununulia hisa.

Utarajali mzuri humpa binti mambo ambayo darasani hayapo. Huandika muhtasari wa kikao mbele ya wazee. Hukabidhiwa fedha za futari na kurejesha risiti. Na hufika siku akalazimika kumweleza mjumbe wa kamati, mtu mzima wa umri wa babu yake, kwamba hesabu yake haikukaa sawa. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa tumewalea mabinti zetu wainamishe sauti mbele ya wakubwa, na tulifanya vyema. Kusema "Samahani babu, naomba tuipitie tena safu hii" hakuvunji adabu hata kidogo, lakini hakusemwi na mtu ambaye hajawahi kuzoeshwa. Hapa ndipo tunapoiona thamani ya posho. Anayelipwa huuliza kwa sababu kuuliza ni kazi yake. Asiyelipwa ni mtoto wetu anayetusaidia, na mtoto akiuliza habari za fedha huambiwa akalete chai.

Hata hivyo posho peke yake haitoshi. Nchini Kenya, maelfu ya walimu waliohitimu walipelekwa sekondari msingi kwa jina la wanagenzi, kwa shilingi 20,000 za huko kwa mwezi, huku wakibeba mzigo wa walimu kamili. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi jijini Nairobi iliamua kwamba haki zao za kazi zilikuwa zimekiukwa. Jina la mafunzo linaweza kuficha kibarua cha bei rahisi, hata ndani ya taasisi yenye jina la dini.

Mzazi basi asione haya kuuliza kabla ya kutoa ruhusa. Nani atamsimamia binti, na je, ni mwanamke? Mafunzo yanakwisha mwezi gani? Posho imeandikwa wapi? Mahali pa kuswalia papo, na atafika nyumbani kabla ya Magharibi? Taasisi inayokereka kwa maswali haya imekwisha kujibu.

Fedha zitatoka wapi? Kuhusu zaka, tunawaachia masheikh waseme kama inafaa. Sadaka na wakfu zina uwanja mpana zaidi, mradi sharti la mwenye kuweka wakfu lichungwe. Misikiti mingi ya mijini ina fremu za maduka, na kodi ya fremu moja yaweza kumtunza mtarajali mmoja kwa miezi sita.

Liko pingamizi moja ambalo tunalipa uzito. Itakuwaje binti wa jana alipwe, ilhali ustadhati aliyefundisha miaka kumi anaishi kwa ada kidogo za watoto, tena zisizolipwa kwa wakati? Ustadhati huyo aingizwe katika bajeti hiyohiyo, tena jina lake litangulie la binti, na yeye ndiye apewe kazi ya kumsimamia.