Saa ya Mkononi chini ya Jua la Dar es Salaam

Mitandao ya kijamii imejaa wapenzi wa saa. Kutoka Uswisi, Japani na Marekani huja kila siku picha za saa za thamani kubwa, zikifunguliwa, zikipimwa na kusifiwa na watu waliozishika mikononi mwao. Kijana wa Tandika au Mwananyamala apendaye saa, akitaka naye kuanzisha chaneli yake, hukuta uwanja umekwisha kujaa. Aghalabu hufanya mojawapo ya mambo mawili. Ama hurudia kwa Kiswahili maneno ya wengine kuhusu saa ambazo hajapata kuziona, ama huigeuza chaneli kuwa duka la saa bandia zenye majina makubwa. Njia ya kwanza humla fedha za bando bila kumwongezea mtazamaji ujuzi wowote; ya pili ni udanganyifu mtupu.

Hata hivyo, upo uwanja ambao karibu haujaguswa, nao hauhitaji saa ya bei kubwa. Ni uhusiano wa saa na mahali inapovaliwa: jua la mahali hapo, joto lake, unyevu wake, na lugha ya watu wake katika kuhesabu saa. Mtu aliyeko Geneva hawezi kuyapima mambo hayo kwa niaba ya mtu wa Temeke.

Kwamba hitaji lipo huonekana katika kanuni moja inayorudiwa mno, yaani ile ya kutumia saa ya mkononi kama dira. Mtazamaji huambiwa aelekeze mshale wa saa kwenye jua, kisha agawe nafasi iliyopo kati ya mshale huo na namba 12. Katikati yake ndiko kusini. Kanuni hiyo huwafaa kwa kiasi watu wa Ulaya, kwa sababu huko jua la adhuhuri huwa upande wa kusini mwaka mzima. Nusu ya kusini ya dunia ina kanuni yake ya kinyume, ambayo huonyesha kaskazini. Lakini Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 tu kusini ya ikweta. Tangu mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini wa jiji. Miezi iliyobaki huwa kusini. Kwa hiyo kanuni yoyote kati ya hizo mbili itampotosha mtu kwa sehemu ya mwaka. Tena katika siku ambazo jua hupita karibu na utosi, mwelekeo wake huruka kutoka mashariki hadi magharibi kwa muda mfupi sana, hata mgawanyo huo wa namba ukawa hauna maana. Kijana anayeitafsiri kanuni hiyo bila kuijaribu amefundisha uongo, japo hakukusudia.

Jambo lililo tajiri zaidi ni hesabu ya saa za Kiswahili. Mshale unapoelekea namba 7 asubuhi, Mswahili husema saa moja. Tofauti ni saa sita kamili, nayo saa sita ni nusu ya duara la uso wa saa. Kwa sababu hiyo anayesoma hana haja ya kujumlisha wala kutoa. Macho yake huhamia tu upande wa pili wa duara. Saa ambayo mshale wake mfupi una mkia uliotokeza nyuma ya kitovu huonyesha hesabu zote mbili kwa wakati mmoja, kichwa kikionyesha saa za Kizungu na mkia saa za Kiswahili. Ni ajabu kwamba jambo zuri namna hii la jiometri hupitwa na wengi. Mnara wa Saa uliojengwa Dar es Salaam mwaka 1961, mji ulipopata hadhi ya jiji, husomwa hivyo hivyo na wapita njia. Saa ya tarakimu, kwa upande mwingine, haina upande wa pili wa kutazama, na ndipo mtu hulazimika kufanya hesabu kichwani.

Husemwa kwamba saa za Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Kwa asili ndivyo. Kwa saa za leo ni karibu na kweli tu. Majira rasmi ya Afrika Mashariki yamewekwa kwa kufuata longitudo 45 Mashariki, ambayo haipiti Tanzania hata kidogo. Iko mbali baharini. Dar es Salaam iko kwenye longitudo ya nyuzi 39 na kitu. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, yaani nyuzi moja kwa dakika 4. Kwa kuwa jiji liko nyuma ya mstari huo kwa nyuzi 5.7 hivi, adhuhuri yake ya kweli, jua linapokuwa juu kabisa, huja kwa wastani saa 6 na dakika 23 mchana. Kigoma, iliyo magharibi zaidi, hungoja hadi kama saa 7 na dakika 1. Watu wa miji hiyo miwili husema saa sita kwa wakati mmoja, lakini jua haliwi mahali pamoja juu ya vichwa vyao.

Isitoshe, adhuhuri yenyewe haitulii. Njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, tena mhimili wake umeinama. Mambo hayo mawili pamoja hulifanya jua liwahi au lichelewe kulinganishwa na saa. Mwanzoni mwa Novemba jua huwahi kwa dakika 16 hivi, na adhuhuri ya Dar es Salaam hufika saa 6 na dakika 7. Katikati ya Februari huchelewa kwa dakika 14, na adhuhuri huwa saa 6 na dakika 37. Tofauti ni nusu saa nzima, hali saa zote za jiji zinakwenda sawasawa. Kwa sababu hiyo pia, pamoja na mabadiliko madogo ya urefu wa mchana, jua huchomoza jijini wakati mwingine saa 11 na dakika 55 alfajiri, na wakati mwingine kiasi cha saa 12 na dakika 36.

Hapa chaneli yaweza kuonyesha jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kulirudia uani kwao. Fimbo nyoofu husimamishwa wima kwenye sakafu iliyo sawa, ikihakikishwa kwa uzi wenye jiwe. Kungoja kivuli kilicho kifupi kuliko vyote si njia nzuri, kwani kivuli hubadilika polepole mno wakati huo na jicho hukosa hakika. Afadhali kuchora duara kuzunguka fimbo, kuandika saa ambapo ncha ya kivuli inaligusa asubuhi, na kuandika tena inapoligusa alasiri. Katikati ya nyakati hizo mbili ndipo adhuhuri. Kazi hiyo ikirudiwa mara moja kila wiki kwa mwaka mmoja, mchoro utakaopatikana utakuwa mali ya mpimaji mwenyewe, si nakala ya mtu.

Saa yenyewe nayo ina mengi ya kupimwa. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ilianza kuuza Tokyo saa ya mkononi ya kwanza ya kwatzi, iliyoitwa Astron. Matokeo yake huko Uswisi yalikuwa mazito: sekta ya saa, iliyokuwa na wafanyakazi wapatao 90,000 mwaka 1970, ilibakiwa na kiasi cha theluthi moja kufikia katikati ya miaka ya 1980. Katika saa nyingi za namna hiyo zinazouzwa leo, kipande cha fuwele kilichochongwa mfano wa uma wenye meno mawili hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuteuliwa ovyo. Ukiigawa kwa mbili mara 15 unapata moja, na mtetemo huo mmoja ndio unaousogeza mshale wa sekunde.

Fuwele hiyo hutetemeka kwa kasi kubwa kabisa karibu na nyuzi 25 za sentigredi. Joto likizidi hapo hupunguza mwendo, na likishuka chini ya hapo hupunguza vilevile. Upungufu hufuata mraba wa tofauti ya joto: sehemu 0.034 katika kila milioni, mara mraba wa tofauti hiyo. Saa inayokaa kwenye nyuzi 35 itabaki nyuma kwa sekunde 9 hivi kwa mwezi kuliko ingekaa kwenye nyuzi 25. Kwenye nyuzi 45 upungufu huwa kama sekunde 35. Tofauti ya joto imeongezeka maradufu, lakini kosa limekuwa mara nne. Vyumba vya kupanga vilivyoezekwa bati bila dari, vilivyo tele Mbagala na Manzese, ni maabara tosha. Saa mbili za bei nafuu za aina moja zatosha, moja ikiwekwa kivulini kabatini na nyingine ndani ya kopo karibu na bati, kipimajoto kikiwa kando ya kila moja. Inafaa kwanza zikae pamoja kwa mwezi mmoja ili ijulikane tofauti zake za asili. Wengi husahau hatua hiyo, na bila hiyo jaribio zima ni bure.

Saa za kamani, zile za kutia ufunguo, zina tabia nyingine. Gurudumu lake la mizani hugonga mara 5, 6 au 8 kwa sekunde, na kipaza sauti cha simu ya kawaida huweza kunasa milio hiyo na kuihesabu. Ikiwekwa karibu na spika ya redio, kamani yake nyembamba kama unywele yaweza kupata usumaku. Mizingo yake hunatana, na saa huanza kukimbia. Mafundi wazee wa pembeni mwa barabara hulijua hilo tangu zamani. Siku hizi kazi wanayoletewa zaidi ni kubadili betri na mikanda, na wakiondoka bila kurekodiwa, ujuzi wao utaondoka nao. Chaneli iliyo makini itaanzia kwenye meza zao, kwa ridhaa yao, na kwa kuwalipa muda wao.

Swali ambalo mafundi hao huulizwa mara kwa mara ni la ukungu ndani ya kioo. Si lazima maji yawe yameingia. Katika miezi ya masika hewa ya jiji huanza kutoa umande ikipozwa hadi nyuzi 24 hivi. Saa iliyofunikwa katika hewa hiyo, mwenyewe akiingia katika ofisi yenye kiyoyozi cha nyuzi 20, huweza kuona ukungu kiooni, kisha ukatoweka atokapo nje. Ukungu usiotoweka ndio dalili ya mpira wa kifuniko uliokufa. Nayo maandishi ya mita 30 hayamruhusu mvaaji kupiga mbizi. Ni kipimo cha shinikizo la maji yaliyotulia.

Kwa vipimo vyote hivi, kifaa ni kile kile cha kutengenezea video. Simu inayojirekebisha majira yake kwa mtandao hutoa saa ya kulinganishia, na kamera inayopiga picha 30 kwa sekunde hupunguza kosa la jicho hadi sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Kwa wanaotaka kuanza na tukio la kuvutia, ziko siku mbili ambapo jua hupita utosini mwa Dar es Salaam na fimbo wima ikakosa kivuli: karibu na tarehe 3 Machi, kiasi cha saa 6 na dakika 35 mchana, na karibu na tarehe 10 Oktoba, saa 6 na dakika 10. Inafaa kujiandaa kwa siku zote mbili, maana wingu moja hutosha kuiharibu kazi.