UKUMBI WA VYAKULA KATIKA JENGO LA MADUKA: MAELEZO KUTOKANA NA MFANO WA KWA MROMBO, ARUSHA

Mtumishi wa Serikali anayekwenda Arusha kwa mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni nadra kurudi Unguja bila ya kulitaja jina la Kwa Mrombo. Pahala hapo papo upande wa kusini wa Jiji la Arusha, na pamejulikana kwa mabucha na majiko ya nyama choma, ambapo harufu ya mbuzi aliye juu ya makaa humpokea mgeni kabla hajashuka garini. Kwa kuwa majengo makubwa ya maduka yanaendelea kujengwa Bara na Visiwani, na kwa kuwa wenye majengo hayo hupenda kuweka ndani yake ukumbi wa vyakula wa daraja la juu, imeonekana vyema wananchi, pamoja na watumishi wanaohusika na kupitisha ramani, wafafanuliwe namna ukumbi wa aina hiyo unavyosanifiwa, na ni kitu gani hupotea pindi jiko la kando ya barabara linapoingizwa chini ya dari.

Utaratibu wa Kwa Mrombo ni mwepesi. Mteja husimama mbele ya bucha, akaichagua nyama ingali inaning'inia, ikapimwa kwa kilo mbele ya macho yake, kisha ikapelekwa motoni. Ikiiva huletwa juu ya ubao na kukatwakatwa, pamoja na ndizi, chumvi, pilipili na kachumbari, baada ya mteja kunawishwa mikono. Mteja huyo ameiona nyama yake, mizani yake na moto wake, na pengine hicho ndicho anachokilipia zaidi ya nyama yenyewe. Msanifu anayelificha jiko nyuma ya ukuta na kubakisha dirisha la kutolea sahani, hata akitandika marumaru sakafu nzima, atakuwa amekiondoa kile kilichomleta mtu. Bucha liwe la kioo lenye ubaridi, mizani imwelekee mnunuzi, na jiko lionekane.

Lakini jiko likionekana, moshi nao umo ndani. Hili ndilo jambo lililo zito kuliko yote katika ujenzi wa kumbi hizi. Kando ya barabara upepo huuchukua moshi bila ya malipo. Ndani ya jengo, makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua hata pale ambapo moshi wenyewe hauonekani. Kwa hivyo juu ya kila jiko huwekwa kofia ya kuvutia moshi iliyo pana kuliko jiko lenyewe, na kutoka hapo hupandishwa dohani ya chuma kisichopungua unene wa milimita 1.5, iliyochomelewa viungo vyake vyote, hadi juu ya paa. Dohani ya jiko la makaa haifai kuunganishwa na ile ya majiko ya gesi au ya kukaangia, kwani mafuta huganda ndani ya bomba, na cheche moja ya makaa yatosha kuliwasha bomba zima. Aidha, dohani iwe na vilango vya kusafishia.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuweka feni kubwa za kutoa hewa bila ya kufikiria hewa ya kuingia. Matokeo yake milango ya ukumbi huwa mizito kufunguka, harufu za vyooni huvutwa mezani, na moshi uliotakiwa kupanda hurejea kwa walaji. Kila kiasi kinachotolewa lazima kiwe na njia ya kurejeshwa. Wengi hudhani kuwa ukumbi wa vyakula huwekwa ghorofa ya juu ili mteja alazimike kuyapita maduka mengine. Hilo ni kweli, ila dohani nayo ina sehemu yake, kwani ukumbi ukiwa chini, dohani hukata kila ghorofa iliyo juu yake, na mwenye duka la nguo hataridhika.

Kuhusu gesi ya mitungi, wananchi wafahamu kuwa ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutuama sakafuni, kwa hivyo mitungi isiwekwe kamwe katika chumba cha chini ya ardhi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni busara basi ukumbi mpya utandikwe mabomba ya gesi na nyaya za umeme za kutosha tangu mwanzo, na makaa yaachiwe nyama peke yake.

Maji ya Arusha yana tatizo lake. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutia floridi katika chemchemi na visima vingi vya eneo hilo, na athari yake huonekana katika meno ya wakaazi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, na kuyachemsha maji hakuiondoi floridi. Maji ya kupikia yapimwe na ikibidi yachujwe kwa mtambo maalumu. Kwetu Visiwani hofu ni nyengine, nayo ni chumvi katika visima vya karibu na pwani. Maji machafu nayo yapite katika birika la kunasia mafuta kabla ya kuingia katika mfereji mkuu. Mafuta ya mbuzi na ng'ombe huganda haraka kuliko ya samaki, na katika baridi ya Arusha ya mwezi wa Juni na Julai bomba lisilo na birika hilo huziba upesi.

Arusha ni mji wa watu wa dini mbalimbali, na nyama ya nguruwe huuzwa huko katika majiko yake. Ndani ya ukumbi mmoja kibao cha "halali" peke yake hakitoshi. Visu, magogo ya kukatia, nyavu za kuchomea, majokofu na masinki yawe mbali. Pahala panaposahauliwa ni chumba cha kuoshea, kwani kumbi nyingi za kisasa hutumia sahani za pamoja, na zote huishia katika karo moja.

Linabaki suala la watu. Mchomaji wa kando ya barabara hulipa kodi ndogo. Katika jengo la maduka hudaiwa kodi, gharama za usafi na ulinzi, na mara nyengine fungu la mauzo. Asipoandaliwa, nafasi yake huchukuliwa na kampuni yenye mtaji, na ukumbi hubaki na jina la nyama choma bila ya wachomaji. Singapore ilikabiliwa na suala hili mapema. Kuanzia miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980, Serikali ya huko iliwahamisha wachuuzi wa mitaani katika vituo vyenye maji na mitaro, na waliohamishwa wakatozwa kodi nafuu. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni wa vituo hivyo katika orodha ya urithi wa binadamu. Hapa Unguja, Bustani ya Forodhani ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo ya Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, na wauza pweza, mishkaki na maji ya miwa walirudi kufanya biashara yao pale pale. Mwenye jengo atenge vibanda vya wachomaji wadogo katika ramani yenyewe, kwa kodi iliyoandikwa katika mkataba, kabla vibanda vyengine havijakodishwa.

Kwa upande wa Unguja na Pemba, majengo ya biashara ya chakula husajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar kwa mujibu wa Sheria Namba 2 ya mwaka 2006. Mwenye kukusudia kujenga ukumbi wa aina hii anashauriwa kuonana mapema na Wakala huo, Kikosi cha Zimamoto na Uokozi na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, akiwa na ramani inayoonesha njia nzima ya dohani, pahala pa mitungi ya gesi na birika la mafuta, kabla ya msingi kuchimbwa.