Mizinga Iliyowaokoa Vijana wa Long Tan

Hebu fikiria umefikisha miaka 20. Serikali inatia vigololi kwenye pipa, kigololi chenye tarehe yako ya kuzaliwa kinachomolewa. Kwisha! Wewe ni mwanajeshi. Ndivyo vijana wengi wa Australia walivyojipata Vietnam.

Agosti 18, 1966, wanajeshi 108 wa Kampuni ya D waliingia shamba la mipira la Long Tan. Mara risasi, mara mvua kubwa. Adui alikuwa amewazidi mara nyingi, na risasi zao zikaanza kuisha.

Sasa usidhani waliokolewa na komando wa sinema. Kilomita kama tano hivi nyuma yao, kambini Nui Dat, kulikuwa na Kikosi cha Kwanza cha Mizinga cha Australia, pamoja na wenzao wa New Zealand na Marekani. Mizinga 24. Wasee hao hawakumwona adui, lakini walifyatua makombora zaidi ya 3,000 kwa saa chache.

Macho yao yalikuwa Kapteni Morrie Stanley wa New Zealand, aliyekuwa na Kampuni ya D. Alikuwa na ramani na redio tu. Akikosea hesabu kidogo, kombora linawaangukia wenzake. Na bado ilibidi aliite karibu.

Waaustralia 18 walikufa. Waliobaki walirudi nyumbani wakijua wanamdai nani shukrani.

Ukitazama filamu yao ya 2019, Danger Close, usiangalie bunduki pekee. Msikilize yule wa redio.