Mboga za Kuhama Nazo

Mama mmoja alimleta mtoto wake hospitalini. Mtoto alikuwa mweupe ndani ya kope za macho, na alichoka upesi akicheza na wenzake. Muganga alimpima damu, akampa dawa ya minyoo na dawa ya kuongeza damu. Kisha akamwambia mama, «Mpe mtoto lengalenga kila siku, pamoja na maharagi na sambaza.» Mama akacheka kidogo, akajibu: «Muganga, nitalima wapi? Sisi ni wapangaji, na nyumba yetu iko juu ya mawe. Mwezi ujao mwenye nyumba anaweza kututoa.»

Mama huyu alisema kweli. Watu wa Goma wanajua jambo hili kupita wengine. Mji wao umejengwa juu ya mawe meusi ya volkano, na udongo ni haba. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima Nyiragongo ulishuka mpaka katikati ya mji, ukafunika nyumba nyingi. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukaunguza nyumba upande wa kaskazini. Siku tano baadaye serikali iliamuru watu wa sehemu nyingi za mji wahame upesi. Wengine walikwenda Sake, wengine walivuka mpaka kuingia Rwanda. Tena kuna vita, na kuna kodi ya nyumba inayopanda. Mtu wa namna hii akipanda mboga katika udongo wa kiwanja, pengine atakayezila ni mtu mwingine.

Basi, tufanye nini? Tupande mboga ndani ya vyombo.

Yafaa chombo gani? Watu wengi wanatazama kwanza ukubwa. Wanataka gunia kubwa, kwa maana linapokea mimea mingi. Mimi mwenyewe nilikosea hivyo. Nilijaza gunia la kilo 50 udongo na mbolea mpaka juu, nikatoboa matundu pembeni, nikapanda. Mboga zilikuwa nzuri sana. Siku ya kuhama ilipofika, vijana wawili walishindwa hata kulisukuma, na mwenye chukudu alilitazama tu, akaenda zake. Niliwaachia majirani mboga zote, na udongo wangu wote vilevile.

Tangu siku ile ninapima chombo kwa mikono yangu. Ndoo ya lita 10 ikijaa udongo uliolowa inapita kilo 10 kwa uzito. Mama mwenye nguvu ataweza kuibeba, lakini si mbali. Mkebe wa mafuta wa lita 4 au 5 unabebwa hata na mtoto mkubwa. Basi, mikebe minane midogo ni bora kupita gunia moja. Bidoni ya plastiki iliyopasuka ni nzuri vilevile: ikate ubavuni, uilaze, nawe umepata bustani ndogo yenye mkono wa kushikia. Beseni bovu linafaa, na kitunga cha zamani kinafaa pia ukiweka ndani yake kipande cha mfuko.

Lakini angalia sana chombo kilikuwa na nini zamani. Kama kilikuwa na dawa ya kuua wadudu, rangi ya nyumba, mafuta ya motokari au maji ya betri, usikitumie hata kidogo. Sumu hubaki, nayo huingia katika udongo. Kukiosha mara tatu hakutoshi.

Toboa matundu manne au matano chini kwa msumari. Pasipo matundu maji yatasimama na mizizi itaoza. Weka mawe madogo ya volkano juu ya matundu. Pale Goma hutayakosa! Kisha changanya udongo sehemu mbili na mbolea sehemu moja. Mbolea iwe ya mbuzi, ya sungura, au ya maganda ya ndizi na takataka za jikoni, nayo iwe imeoza kabisa mpaka haina harufu mbaya. Usitie mavi ya watu, wala usinywesheze mboga maji yaliyopita karibu na choo. Minyoo na kipindupindu huja kwa njia hiyo. Ukiweka kisahani chini ya mkebe, mwaga maji yake kila siku, mbu wasizae humo.

Sasa tuchague mboga. Mtu anayeweza kuhama apande kile kinacholiwa upesi. Lengalenga ni ya kwanza. Mbegu zake ni ndogo sana. Zichanganye na mchanga mkavu, uzinyunyize juu ya udongo, uzifunike kidogo tu. Kabla ya juma moja kupita utaona majani, na baada ya majuma manne hivi utaanza kukata. Usiing'oe. Kata juu, uache kisiki chenye majani machache, nayo itachipuka tena. Matembele yanafaa vilevile: kata shina refu kama mkono tangu kiwiko mpaka vidole, ulipande, na baada ya mwezi hivi utachuma majani machanga. Kitunguu cha majani na pilipili vinakaa vizuri ndani ya mkebe mdogo. Kabichi inakawia, tena kichwa kimoja kinajaza mkebe wote. Kwangu mimi, kabichi si mboga ya mpangaji. Sombe tuiache shambani, kwa maana muhogo unataka nafasi, na majani yake lazima yatwangwe na kupikwa sana ili sumu yake itoke.

Mikebe ikae mahali penye jua nusu ya siku. Udongo wa mkebe hukauka upesi kupita udongo wa shamba. Ingiza kidole asubuhi. Kama ni kavu, mwagilia. Katika miezi ya kiangazi, tangu Juni mpaka Agosti, utamwagilia kila siku.

Majani ya kijani kibichi sana yana vitu vya kuongeza damu, na yana vitamini A ya kulinda macho. Mama mwenye mimba anayahitaji, na mtoto aliyefika miezi sita anayahitaji, yakipondwa laini. Yaoshe kwa maji safi, uyapike kwa muda mfupi, utie mafuta ya mawese kidogo, kwa maana mafuta husaidia mwili kupokea vitamini ile. Lakini mtoto aliyevimba miguu na kubadilika nywele ana ugonjwa wa bwaki. Huyu mboga peke yake hazitamponya. Mlete hospitalini upesi.

Ukijua siku ya kuhama, chuma majani yote makubwa jana yake, na usimwagilie jioni ile wala asubuhi, ili mikebe iwe myepesi. Ipange wima juu ya chukudu, uifunge kwa kamba. Mashina ya matembele yafunge katika kitambaa kilicholowa; yatakaa siku kadhaa bila kufa. Ukifika, weka mikebe kivulini siku mbili, umwagilie, kisha uirudishe juani. Mimea italegea. Usiogope, mingi yake itasimama tena.

Lakini kama ni kukimbia, jambo ni jingine. Saa ile usihesabu mikebe. Chukua watoto, dawa unazokunywa kila siku na karatasi yako ya hospitali, uende. Kwa ajili ya saa kama ile, acha shina moja la lengalenga litoe maua na mbegu. Likikauka, lipigepige juu ya kitambaa, upepete mbegu, uzianike kivulini mpaka zikauke kabisa. Zifunge katika kipande cha nguo, ukiweke pamoja na karatasi zako. Mbegu za kijiko kimoja zinatosha mikebe yote uliyoiacha, nazo hazina uzito wo wote.