Kusanyiko kwa Jina Gani? Zuio la Mikusanyiko la 2020 na Sanaa za Maonyesho katika Pwani ya Mtwara na Mlango wa Mto Ruvuma

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna sanaa za maonyesho za pwani ya Mtwara zilivyokabiliana na zuio la mikusanyiko lililotangazwa nchini Tanzania Machi 2020 kutokana na UVIKO-19. Hoja kuu ni kwamba zuio hilo halikuzigusa sanaa zote kwa uzito mmoja. Uzito wake ulitegemea jina la kusanyiko lililoibeba sanaa, mwezi ambao sanaa hiyo huchezwa, na iwapo ni sanaa inayomruhusu kila mtu kuitazama. Makala yanatilia shaka mtazamo unaouchukulia mtandao kuwa kimbilio la kawaida la msanii aliyefungiwa, hasa kwa sanaa zenye mlango kama vile unyago na midimu.

1.0 Utangulizi

Maandishi mengi kuhusu sanaa wakati wa janga la korona yamejengwa juu ya taswira moja: ukumbi umefungwa, msanii yuko ndani kwake, naye anageukia simu na intaneti ili aifikie hadhira yake. Taswira hiyo inasadifu vizuri baadhi ya nchi jirani. Nchini Uganda, Bobi Wine na Nubian Li walitoa wimbo wa tahadhari dhidi ya korona Machi 2020 ukasambaa duniani kwa siku chache, na kumbi za muziki za nchi hiyo hazikuruhusiwa kurejea katika shughuli zake za kawaida hadi Januari 2022. Nchini Kenya, amri ya kutotoka nje usiku ilidumu tangu Machi 2020 hadi Oktoba 2021.

Tanzania ilichukua njia nyingine. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule na kuzuiwa kwa mikusanyiko ya watu, ikiwamo mikutano ya hadhara, michezo na matamasha ya muziki. Wananchi hawakufungiwa majumbani. Masoko yaliendelea, mabasi yaliendelea, na nyumba za ibada hazikufungwa kwa amri ya serikali. Tarehe 17 hadi 19 Aprili zilitengwa kuwa siku za maombi ya kitaifa. Michezo iliruhusiwa tena tangu 1 Juni, na shule zote zikawa zimefunguliwa ifikapo 29 Juni. Kwa hiyo, mtafiti wa sanaa za Tanzania anayeanza na dhana ya msanii aliyefungiwa ndani anaanza mahali pasipo penyewe. Kilichozuiwa hapa ni kusanyiko la aina fulani, na swali linalopaswa kutangulia ni hili: sanaa ipi ilikuwa imesimama juu ya kusanyiko la aina hiyo?

2.0 Jina la kusanyiko

Katika Kiswahili cha pwani, neno ngoma hubeba mambo matatu kwa pamoja: chombo kinachopigwa, uchezaji, na shughuli yenyewe ambayo watu huitana kuihudhuria. Maana hii ya tatu ndiyo iliyoangukiwa na zuio. Mshairi aweza kutunga peke yake, na mchongaji aweza kukaa na gogo la mpingo uani kwake. Lakini ngoma bila watu haipungui ubora tu, inakosa kuwapo. Kiitikio ni sehemu ya matini, na anayeitikia ni mtunzi mwenza.

Hata hivyo, kusanyiko lile lile la sauti, mwendo na ushairi laweza kuwa na majina tofauti. Katika miji ya kale kama Mikindani, na katika vijiji vya pwani kuelekea Msimbati, kuna utamaduni mkongwe wa kaswida, maulidi na dhikri. Fani hizo zina mpangilio wa sauti, mizani na mwitikio ambao mhakiki yeyote angeuweka katika sanaa za maonyesho. Lakini mbele ya tangazo la serikali ziliangukia upande wa ibada, na ibada haikuzuiwa. Ramadhani ya mwaka huo ilianza mwishoni mwa Aprili, katikati ya kipindi cha zuio, misikiti ikiwa wazi. Sindimba, ambayo haina jina jingine zaidi ya ngoma, haikuwa na kivuli kama hicho. Tofauti hii inaonesha kwamba mpaka uliochorwa na amri ya kiutawala kati ya ibada na burudani haufuati mpaka wa kifani. Unazigawa fani zenye undugu wa karibu na kuziacha pamoja zilizo mbalimbali, kama vile mechi ya mpira na ngoma ya kijiji.

Jina la tatu ni la dola yenyewe. Tangu uhuru, vikundi vya ngoma vya mikoa ya kusini vimekuwa na mteja mkubwa ambaye ni nadra kutajwa katika tahakiki: hafla za serikali. Mbio za Mwenge wa Uhuru hupita kila wilaya, na katika kila mapokezi kuna vikundi vinavyotumbuiza. Mbio hizo zilisitishwa mwaka 2020, na fedha zake zikaelekezwa kwenye mapambano dhidi ya korona. Sherehe za Muungano za Aprili nazo zikaahirishwa kwa sababu hiyo hiyo. Kikundi cha ngoma kinachotegemea mapokezi ya wageni rasmi kilimpoteza mfadhili wake kabla hata ya kuipoteza hadhira.

Mfadhili huyo alirejea kwa jina jipya. Kampeni za uchaguzi mkuu zilifunguliwa mwishoni mwa Agosti 2020, na uchaguzi ukafanyika tarehe 28 Oktoba. Kampeni za Tanzania ni jukwaa la muziki kwa kiwango ambacho pengine hakuna tamasha linalokifikia. Harmonize, mzaliwa wa Tandahimba mkoani Mtwara, ambaye albamu yake ya Afro East ilitoka Machi 2020, siku chache kabla ya zuio, alikuwa miongoni mwa wanamuziki waliotumbuiza katika kampeni za CCM. Kwa maoni ya makala haya, hili ndilo badiliko la kisanaa lililo wazi zaidi katika mwaka huo: sanaa iliyoikosa hadhira ya tiketi ikaipata hadhira ya mkutano wa siasa, na maudhui yake yakasogea kwenye sifa. Wanaochunguza nyimbo za sifa katika fasihi simulizi ya Kiswahili wana hapa matini za kutosha, ingawa wengi wamevutiwa zaidi na nyimbo za kunawa mikono.

3.0 Kalenda ya shamba

Mwezi nao una uzito wake. Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza takribani Desemba na kwisha Aprili au Mei. Mavuno ya chakula huja baadaye, na minada ya korosho huanza Oktoba. Ngoma za vijijini hufuata mkondo huo: huchanua kuanzia Juni, wakati wa ukavu, chakula kikiwa ghalani, na hupata nguvu mpya fedha za korosho zinapoingia. Machi na Aprili ni miezi ya palizi na njaa. Zuio la 2020 kwa kiasi kikubwa liliangukia miezi ambayo kijiji cha uwanda wa Makonde hakina ngoma nyingi za kuzuia.

Haifai kuhitimisha kwamba vijiji havikuguswa. Jando na unyago kwa sasa hufungamana na kalenda ya shule: likizo za Juni na Desemba ndizo huwapa wazazi na makungwi nafasi ya kuwaweka watoto ndani. Mwaka 2020 watoto walikuwa nyumbani tangu katikati ya Machi, kisha wakarudi shuleni wakati ule ambao kwa kawaida wangekuwa likizoni. Muda wa bure ulikuja kabla ya mavuno, na mavuno yalipokuja muda ukawa umekwisha. Mgongano huu wa kalenda tatu, yaani ya mvua, ya shule na ya afya ya umma, ulikuwa na uzito zaidi kwa sanaa ya jando na unyago kuliko zuio lenyewe. Nyimbo za unyago hufundishwa kwa kurudiwa siku baada ya siku mbele ya mwari, na kungwi hazifundishi nje ya muktadha huo.

Wachongaji walikuwa na hesabu nyingine. Kazi ya mpingo haihitaji kusanyiko, na kinyago hakiozi. Zuio la mikusanyiko halikumgusa mchongaji moja kwa moja. Kilichomgusa ni anga. Safari za kimataifa za ndege za abiria zilisimamishwa Aprili 2020 na kuruhusiwa tena tarehe 18 Mei, lakini watalii hawakurudi kwa idadi ya zamani. Tangu Samaki Likonkoa alipoanzisha mtindo wa shetani katika miaka ya 1950, uchongaji wa Kimakonde umekuwa sanaa inayotunga kwa ajili ya mnunuzi wa mbali. Mnunuzi anapokosekana, gogo ni akiba, na akiba ya mpingo haimlishi mtu wiki hii.

4.0 Sanaa zenye mlango

Ushauri uliotolewa kwa wasanii karibu kila mahali mwaka 2020 ulikuwa mmoja: hamieni mtandaoni. Ushauri huo unachukulia kwamba sanaa yoyote huwa na faida inapoonwa na watu wengi zaidi. Kwa bongo fleva ni kweli. Kwa sehemu kubwa ya sanaa za eneo hili si kweli.

Midimu, yaani ngoma ya vinyago ambayo upande wa Msumbiji hujulikana zaidi kwa jina la mapiko, imejengwa juu ya kutojulikana kwa anayecheza. Kinyago hufunika kichwa, nguo hufunika mwili, na asiyepitia jando hatakiwi kusema kwamba aliyemo ndani ni binadamu. Siri hiyo imelegea kwa miaka mingi, na Paolo Israel ameonesha katika kitabu chake cha 2014 kuhusu mapiko ya Msumbiji jinsi fani hii ilivyobadilika mara kwa mara kwenda na nyakati. Lakini siri iliyolegea haijawa tangazo. Unyago una mlango mkali zaidi: wanaume hawaingii, na wasichana wasiowekwa ndani hawaingii. Ni kweli kwamba Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alizifikisha ngoma za unyago wa Zanzibar kwenye majukwaa ya kimataifa. Hata hivyo, alichokipeleka jukwaani ni midundo na sehemu ya nyimbo, na mafunzo yenyewe yalibaki ndani.

Mtandao hauna mlango. Picha ya video iliyorekodiwa kwa simu huweza kumfikia mtu yeyote, na kungwi hawezi kumtoa asiyestahili. Kwa hiyo fani zilizo na ulinzi mkubwa zaidi wa maarifa ndizo zilizokuwa na uwezo mdogo zaidi wa kuhama. Tamasha la MaKuYa, ambalo huandaliwa mjini Mtwara na shirika la ADEA na ambalo jina lake limeundwa kutokana na Makonde, Makua na Yao, ni njia ya kati: huleta ngoma za mwituni na za uani mbele ya umma kwa masharti ya wenyewe, huku wenyewe wakiwapo uwanjani. Uwapo huo hauwezi kupatikana kwa kupakia video.

Inafaa kutaja hapa jambo dogo la kileksika. Kwa kifaa kipya cha kufunika pua na mdomo, Kiswahili cha Tanzania kilichagua barakoa, neno la asili ya Kiarabu ambalo pwani lilihusishwa na kifuniko cha uso cha mwanamke. Kinyago, ambacho kingeweza kubeba maana hiyo, kiliachwa. Sababu haiko mbali: kinyago kina uhusiano wa wazi na unyago, na bado kina harufu ya mwituni. Wasemaji walichagua neno la kusitiri wakaliacha la kutisha.

5.0 Mto

Mwaka 2020 ulipoelekea mwisho, kizuizi kikubwa zaidi katika mlango wa Ruvuma hakikuwa tena ugonjwa. Tarehe 14 Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya mto mkoani Mtwara, kilishambuliwa na wapiganaji kutoka upande wa Cabo Delgado. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma, ng'ambo ya mlango wa mto, ulivamiwa. Maelfu walikimbilia Tanzania, na wengi wao wakarejeshwa Msumbiji kupitia Negomano.

Kwa sanaa za Kimakonde, Ruvuma haujawahi kuwa mpaka wa fani. Wachongaji na wacheza vinyago walivuka kuja kaskazini wakati wa ukoloni wa Wareno, na tena wakati wa vita vya ukombozi vya 1964 hadi 1974. Vikundi vya pande mbili vilialikana, vikaazimana nyimbo na kushindana. Mwaliko wa namna hiyo unahitaji usiku wa mkesha, njia salama na kivuko kinachofanya kazi. Zuio la afya lilidumu miezi michache na liliondolewa kwa tangazo. Hali ya usalama mtoni haikuondolewa kwa tangazo.

Tofauti hii ina athari za moja kwa moja katika ukusanyaji wa matini. Hifadhi zetu za fasihi ya korona zinajengwa kutokana na kilichopatikana kwa urahisi, yaani nyimbo za YouTube na mashairi yaliyosambazwa kwa WhatsApp, karibu yote kwa Kiswahili sanifu au cha mjini. Katika hifadhi ya namna hiyo Mtwara itaonekana imenyamaza mwaka 2020, na msomaji wa miaka ijayo atadhani kimya hicho ni cha korona. Sehemu yake ni ya mvua. Sehemu ni ya mlango uliofungwa kwa hiari, na sehemu, hasa kuanzia Oktoba, ni ya bunduki. Anayerekodi masimulizi ya vikundi vya Kitaya, Kilambo au Msimbati kuhusu mwaka huo anapaswa kuuliza mwezi, kisha jina la kusanyiko, kisha ni nani hakuruhusiwa kulihudhuria. Kwa nyimbo za unyago, swali hilo la tatu litabidi liulizwe na mtafiti mwanamke, ambaye naye huenda akajibiwa kwamba wimbo anaoutafuta haurekodiwi.