Hesabu kuta za jino kabla ya kuhesabu pesa

Mzizi umetibiwa, maumivu yametulia, na jino limezibwa kwa dawa ya muda. Sasa unatajiwa bei mbili: kuziba kwa kompositi, ile yenye rangi ya jino, au kuvika jino kofia, ambayo ni ghali zaidi. Wengi huamua kwa kuangalia mfuko tu. Kabla hujaamua, muulize daktari wako jambo moja: jino langu limebaki na kuta ngapi nzima?

Watu husema jino lililotolewa mshipa hukauka likawa kama kuni. Sivyo hasa. Vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 1989 vilionyesha kuwa kutibu mzizi peke yake kulipunguza uthabiti wa jino kwa asilimia 5 tu. Tundu lililokata jino kutoka ubavu mmoja hadi wa pili liliupunguza kwa asilimia 63. Kwa hiyo kinacholidhoofisha jino zaidi ni kuta zilizoliwa na uozo.

Kompositi peke yake. Hii ndiyo nafuu. Humalizika kwa ziara moja, haipitii maabara, wala jino halichongwi pande zote. Inafaa meno ya mbele yaliyobaki karibu mazima, na gego ambalo tundu lake ni lile la katikati alilopitia daktari. Nguvu yake iko katika kunata, na kunata kunataka jino kavu na safi: mate yakipenya, gundi haishiki. Dawa nyingi za muda zina mafuta ya karafuu, nayo huzuia kompositi kuganda vizuri. Lazima yasafishwe yote. Kisha hujazwa kwa tabaka za takriban milimita 2, kila moja ikigandishwa kwa mwanga. Kazi ya haraka haraka hapa ni hasara.

Kompositi inayofunika pembe za kutafunia. Daktari hupunguza pembe dhaifu za gego na kuzijenga upya, ili mzigo wa kutafuna usizipasue. Ni njia ya kati kwa bei, na inamfaa anayejikusanyia fedha za kofia.

Kofia. Huchukua angalau ziara mbili pale inapotengenezwa maabara, na gharama ya maabara inaingia kwenye bei yako. Ndiyo kinga bora kwa gego lililopoteza ubavu mmoja au zaidi. Hata hivyo, inahitaji jino imara la kukumbatia, kama milimita 2 juu ya ufizi. Bila hilo, kofia ya bei kubwa nayo huchomoka.

Unaweza pia kutajiwa kijiti cha kuingizwa mzizini. Kijiti hakiongezi nguvu ya mzizi. Kazi yake ni kushikilia kompositi pale kuta zilipoisha. Kama kuta zako zipo, uliza kwa nini unakilipia.

Tofauti ya bei ina uzito gani? Utafiti wa Thailand wa mwaka 2005 ulifuatilia magego yaliyotibiwa mzizi bila kuvikwa kofia. Baada ya miaka 2, asilimia 88 yalikuwa salama. Baada ya miaka 5, asilimia 36 tu. Lakini yale yaliyobaki na kuta zake karibu zote yalifika asilimia 78 kwa muda huo huo. Jino likipasuka hadi chini ya ufizi, mara nyingi hung'olewa. Hapo fedha ya mzizi imepotea, na unaanza kulipia jino la bandia.

Basi, kama bado hujaanza matibabu, ulizia bei yote kabla mzizi haujaguswa: picha za eksirei, matibabu ya mzizi, kujaza na kofia. Mahali pengi kila kimoja hutozwa peke yake, na mgonjwa hugundua fedha zimeisha nusu ya safari.

Uamuzi wangu ni huu. Jino la mbele au gego lenye kuta zote: kompositi iliyofanywa kwa utulivu inatosha, usijisikie mnyonge kuichagua. Gego lililopoteza ubavu: weka akiba ya kofia, na kwa sasa omba pembe zifunikwe. Lolote utakalochagua, usikae miezi na dawa ya muda ukitafuna mahindi ya kuchoma upande huo.